Siku Mwahija Alipoupima Nyalwanzi

Mtu aliyezaliwa Shinyanga mjini, akakulia kwenye nyumba za nyuma ya stesheni ya reli, hulijua vumbi kabla ya kuyajua maji. Mwahija binti Salmini alikuwa mtu wa namna hiyo. Utotoni mwake maji yalikuwa kitu kinachokaa kwenye ndoo, kinachotekwa kwa kikombe na kufunikwa kwa sahani ili kuku wasitie midomo. Mto wenye maji ya kumtisha mtu aliuona kwa mara ya kwanza akiwa msichana wa chuo. Kuogelea hakujua, na hata leo hajui. Ndiyo maana siku alipoajiriwa na ofisi ya maji ya bonde kuwa fundi sanifu wa kupima mito, mama yake alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa khanga.

"Mwanangu," alisema, "wewe radi ikipiga unaingia uvunguni. Leo ndiyo unakwenda kushindana na mito?"

Mwahija naye alicheka, akanunua mabuti ya mpira, akaenda.

Kazi yenyewe ina sehemu mbili, na watu wengi huijua moja tu. Ile inayojulikana ni vibao. Kando ya mto husimikwa vibao vyeupe vya chuma vyenye mistari na namba nyeusi, kimoja chini karibu na mchanga, kingine juu yake kwenye mteremko, na kingine juu zaidi, kama ngazi inayopanda ukingo. Msomaji wa kituo, ambaye kwa kawaida ni mwanakijiji anayeishi jirani, hutazama asubuhi na jioni maji yamefika mstari gani, akatuma namba hiyo ofisini kwa simu. Hapo unajua maji yamepanda kiasi gani.

Lakini kibao hakikuambii ni maji mangapi yanayopita. Hiyo ndiyo sehemu ya pili, na ndiyo iliyokuwa kazi ya Mwahija. Lazima mtu aende mtoni na mashine yenye pangaboi dogo linalozungushwa na mkondo, apime kasi ya maji kuanzia ukingo huu hadi ule, apime na kina, halafu azidishe. Akifanya hivyo maji yakiwa machache, akarudia yakiwa ya wastani, akarudia tena yakiwa mengi, anaweza kuchora mstari mmoja unaounganisha namba za kibao na wingi wa maji. Kuanzia hapo, msomaji akituma namba yake tu, ofisi inajua mto umebeba nini.

Kila mto aliokabidhiwa Mwahija alikuwa ameuchorea mstari huo. Uliobaki ni mmoja, Nyalwanzi.

Nyalwanzi uko upande wa Masumbwe, ndani kidogo, ukiacha barabara ya lami na kufuata njia ya vumbi jekundu inayokwenda kwenye mashimo ya dhahabu. Kiangazi hauna maji hata ya kunywesha mbuzi. Unaukuta umelala mchanga mtupu, vibao vyake vimesimama juu ya ukavu kama vilivyosahauliwa na wajenzi, ng'ombe wanajikuna navyo. Masika unaweza kujaa asubuhi, ukapitisha magogo na mizoga, na jioni watoto wakawa wanacheza kwenye tope. Kwa sababu ya haraka hiyo, hakuna mpimaji aliyewahi kuukuta ukiwa umejaa. Mstari wake ulikuwa na sehemu ya chini na ya katikati. Sehemu ya juu, yaani ya mafuriko, ilichorwa kwa vitone vya penseli. Ilikuwa makisio tu.

Msomaji wa kituo hicho alikuwa mama wa makamo aitwaye Paskalina, mkulima wa mpunga, ambaye nyumba yake ilikuwa juu ya ukingo. Mumewe Ndaki alichukuliwa na maji kwenye kivuko cha saruji kilichokuwa hapo zamani, akitoka kuuza pamba. Mwaka uliofuata kivuko nacho kilichukuliwa. Ofisi ilipotafuta msomaji, Paskalina ndiye aliyejitokeza wa kwanza, na watu walimshangaa. Yeye aliwajibu kwa Kiswahili chake kizito cha Kisukuma, "Mto ulionitoa machozi siwezi kuupa mgongo. Lazima niujue tabia."

*

Mambo yalianza kwenda mbio siku injinia Abel wa barabara alipoingia ofisini Shinyanga na kuketi mbele ya meza ya Mwahija. Alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vilivyojaa tope la maeneo mengi.

"Dada Mwahija," alisema, "nimepewa kuchora kivuko kipya cha Nyalwanzi. Nikikaa na makisio yaliyopo, nitapitishiwa daraja mfuto, lile la chini ambalo maji yanapita juu yake. Likijaa, watu watasubiri ng'ambo kama zamani. Na wapo watakaochoka kusubiri, wakajitosa."

"Na wewe mwenyewe unaonaje?"

"Mimi nimeona takataka zimenasa juu kwenye miti. Naamini mto ule ni mkubwa kuliko makaratasi yetu. Lakini nikichora daraja refu bila furiko lililopimwa, nitaambiwa nimechora ndoto. Nipatie furiko moja tu, dada. Moja la kweli. Michoro yangu inafungwa mvua zikikatika."

Mwahija hakuwa mtu wa ahadi. Lakini alimfikiria Paskalina, akawafikiria wajawazito wanaolazwa kwenye nyasi za ukingoni wakingoja maji yapungue, akasema, "Nitakutafutia."

Kusema kulikuwa rahisi. Mvua kubwa ya kwanza ilipopiga, Paskalina alipiga simu alfajiri, akimwita Mwahija kwa jina la bintiye: "Mama Zuhra, maji yameshika kibao cha pili, njooni!" Mwahija na dereva wao, Donatus, waliondoka Shinyanga bila hata chai. Walipita Tinde, wakapita Kahama, wakaingia njia ya vumbi ambayo sasa ilikuwa uji. Gari lilizama. Wakachimba, wakaweka matawi, wakasukuma, likazama tena mbele kidogo. Walipofika, Nyalwanzi ulikuwa umeshapita. Ulikuwa umeacha povu kwenye nyasi na kambale mmoja akipigapiga mkia kwenye dimbwi.

Mara ya pili waliwahi. Maji yalikuwa yangali yanapanda. Juu ya mto hapo kuna waya mnene wa chuma uliovutwa kutoka ukingo hadi ukingo, na mashine huning'inizwa kwenye waya huo kwa kapi na kuvutwa mpaka katikati ya mkondo. Mwahija aliishusha mashine, akaanza kusoma. Kabla hajamaliza sehemu ya kwanza, gogo zima la mninga lilichomoza kwenye kona, likaikumba mashine, na kamba ikakatika kwa sauti kama ya bunduki. Mashine hiyo ilikuwa ndiyo pekee ya ofisi. Ilikwenda na maji, na haikuonekana tena.

Alikaa chini pale pale ukingoni, mikono kichwani. Alihisi aibu ikimpanda usoni kama homa. Ni Paskalina aliyemshika bega.

"Inuka, ng'wanone," alimwambia, kama mama anavyomwambia mwanawe. "Mimi mto huu ulinichukulia mtu, na bado nasimama hapa kila siku. Wewe umekuchukulia chuma."

*

Ofisini aliambiwa mashine nyingine haiwezi kupatikana kabla ya kiangazi. Mkuu wake hakumfokea, na hilo lilimuumiza zaidi. Wiki ile Mwahija alizunguka na wazo moja kichwani: maji hayahitaji mashine ili yaende, kwa nini yeye ahitaji mashine ili ayaone yakienda? Akakumbuka njia ya zamani waliyofundishwa chuoni siku moja tu, tena mwalimu akiwa na haraka. Ni njia ya kutupa kitu kinachoelea, ukahesabu kinachukua muda gani kutoka hapa hadi pale.

Aliingia kwa mkuu wake. "Niruhusu nikakae Nyalwanzi mpaka mvua ziishe. Tatizo letu la kwanza ni njia. Nikiwa kule kule, mto hauwezi kunikimbia."

Mkuu alimtazama. "Na Ramadhani inaingia, Mwahija. Utafungia huko porini?"

"Mungu yuko na huko pia."

Zuhra, binti yake, akabaki kwa bibi. Mwahija akapakia futi ndefu, darubini ya kupimia mwinuko, rangi na saa ya kushika mkononi kama ile ya walimu wa michezo. Donatus, aliyesema anakwenda kumfikisha tu, akaishia kubaki naye.

"Shikamoo, Mama Mageni," Mwahija alimsalimia Paskalina walipofika, kwa jina la mwanawe.

"Marahaba, mwanangu. Za Shinyanga?"

"Nzuri. Nimekuja kukaa."

"Nilijua," alisema Paskalina, akapokea begi. "Kitanda nimeshatandika."

Siku zile mto ulikuwa umekauka katikati ya mvua mbili, na Mwahija aliona kwamba ukavu huo aliokuwa akiulaani ulikuwa zawadi. Mito inayojaa mwaka mzima huwezi kuona tumbo lake. Nyalwanzi aliutembea ndani kwa miguu, akapima kila bonde na kila tuta la mchanga kutoka ukingo hadi ukingo, mpaka akawa anajua umbo la mto huo kama mtu anavyojua sakafu ya chumba chake gizani. Halafu alichagua sehemu iliyonyooka, akasimika nguzo za mstari wa juu na nguzo za mstari wa chini, mbilimbili kila ukingo, moja nyuma ya nyingine, zimepakwa nyekundu na nyeupe. Mtu akisimama na kuzilenga nguzo ziwe moja, anajua hasa kitu kinachoelea kinavuka mstari lini. Juu kabisa, kwenye shina la mkwaju ambalo hakuna aliyekumbuka maji yakilifikia, alipigilia kibao kipya.

"Hicho ni cha ndege?" Donatus aliuliza.

"Ni cha Injinia Abel," alijibu.

Ikabaki kitu cha kuelea. Chupa za plastiki zilisukumwa na upepo. Alipozijaza maji zilizama zisionekane kwenye maji ya rangi ya chai. Paskalina alimtazama akihangaika siku nzima, kisha akaingia ndani na kutoka na kibuyu kidogo, kimoja kati ya vile alivyovuna kwa ajili ya maziwa. Alikitia mchanga kidogo, akaziba mdomo kwa gunzi la hindi, akakitupa kwenye dimbwi. Kilizama hadi mabegani, kikatulia wima, upepo ukapita juu yake bila kukigusa. Mwahija alipiga kofi. Kesho yake wanawake wa jirani walileta vibuyu vyao kwa vikapu, wakavipaka chokaa, huku wakicheka kwamba vibuyu vya Nyalwanzi mwaka huu havionji maziwa, vinakwenda kuogelea.

Kuvifikisha katikati ya mto ndiko kulikokuwa kugumu, maana ukitupa kwa mkono kitaangukia karibu, na maji mengi hupita kati. Hapo ndipo alipoingia Sikujua. Alikuwa mkubwa wa wachimbaji wa mashimo ya ng'ambo, mtu mnene wa kifua, suruali imekauka kwa matope ya duara, shimo lao la dhahabu. Alikuja kuuliza kwa nini kuna watu wanapaka vibuyu rangi. Mwahija alimweleza yote, na Sikujua akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Mama, mwaka jana mwenzetu aliangukiwa na kifusi," alisema mwishowe. "Tulimfikisha hapa akiwa anaongea. Tukakaa tunautazama mto mpaka akanyamaza." Akanyanyua macho kuutazama ule waya wa chuma. "Kupeleka kitu katikati na kukimwaga, hiyo ni kazi ya winji tu. Sisi kila siku tunavuta mawe kwa kamba kutoka chini ya ardhi. Nipe tenga la kuku na kamba mbili."

Akafunga tenga kwenye kapi la waya. Kamba moja ililivuta mbele na nyuma; ya pili ilifungua kitako chake likamwaga kibuyu kimoja kimoja. Walifanya mazoezi siku maji machache yalipopita, mpaka Sikujua akaweza kukiweka kibuyu mahali Mwahija alipoonyesha kidole.

*

Furiko lilikuja siku ya jua.

Huku chini hakukuwa na tone la mvua, ila upande wa vilima kulikuwa kumefunga weusi tangu jana yake. Mwahija alikuwa amefunga, anafua ushungi wake, aliposikia mngurumo kama wa lori bovu linalopanda mlima. Paskalina alikuwa amesikia kabla yake. Alishasimama kwenye vibao, sketi ameikunja kiunoni.

"Hilo linakuja!" alipaza sauti. "Hilo siyo la kawaida, Mama Zuhra! Kila mtu kwenye nafasi yake!"

Maji yaliingia kwenye kona yakiwa yamejikunja kama jamvi linaloviringishwa, yanasukuma mbele yake miti, mabua, na paa zima la banda la mtu. Kibao cha kwanza kikazama. Cha pili kikazama. Donatus alikimbilia mstari wa juu na bendera yake ya kitenge chekundu. Mwahija alisimama mstari wa chini, saa mkononi, macho kwenye nguzo zake. Sikujua na vijana wake wawili walishika kamba.

"Ukingo huu kwanza!" Mwahija aliita.

Tenga lilikwenda, likafunguka, kibuyu cheupe kikadondoka na kushika njia. Kilipovuka nguzo za juu, bendera ya Donatus ikashuka, Mwahija akabonyeza saa. Kilipovuka zake, akabonyeza tena, akaandika. Kingine. Na kingine mbele kidogo. Kila hatua waliyosogea kuelekea katikati, vibuyu vilizidi kukimbia, mpaka watu waliokusanyika ukingoni, waendesha bodaboda waliokwama, wanawake waliokuwa wakienda sokoni, wakaanza kuvishangilia kama timu.

"Kibao cha tatu kimefunikwa!" Paskalina aliita. "Yanapanda kwenye mkwaju!"

Tenga lilipokaribia katikati, likakwama. Tawi kubwa lililokuwa likielea lilisimama wima, likanasa kwenye waya, na sasa maji yalikuwa yakilisukuma huku waya mzima ukitetemeka na kulia. Sikujua alivuta, halikwenda. Katikati ndimo maji mengi yalimopita. Bila katikati hakuna furiko lililopimwa, ila nusu yake, na nusu ingempa Abel kitu gani?

"Lile likikaa pale, waya utakatika," alisema Sikujua. Hakungoja jibu. Alijifunga kamba kifuani, akawapa vijana ncha yake, akaparamia nguzo ya waya na mti mrefu begani. Alianza kuupiga waya kwa nguvu zake zote. Waya ukaruka na kushuka, ukaruka na kushuka, na tawi likawa linacheza bila kutoka. Akaupiga tena kwa mlio wa mtu anayepasua mwamba, tawi likajipindua, likadondoka, likapotea. Kelele zilizotoka ukingoni zilisikika juu ya mngurumo wa mto.

"Katikati!" Mwahija aliita kwa sauti ambayo hakujua kama anayo. "Sasa! Katikati!"

Wakati ule ule aliuhisi udongo ukilegea chini ya mabuti yake. Mkono ukamkamata mshipi wa gauni kwa nyuma, ukamvuta kwa nguvu, akaanguka chali juu ya nyasi. Na mahali aliposimama pakamong'onyoka na nguzo yake ya mbele ikaondoka na maji. Alikuwa Paskalina, anahema.

"Hunichukulii na huyu!" alikuwa akiukaripia mto. "Huyu humpati!"

Mwahija aliinuka hata kabla ya kushukuru. Nguzo moja imekwenda, lakini ya nyuma ilikuwepo, na zile za ng'ambo zilikuwepo. Alirudi nyuma, akalenga upya, mstari ukawa ule ule. "Donatus, tunaendelea!"

Tenga likafika katikati, likafunguka. Kibuyu kilichodondoka hapo hakikuelea, kiliruka. Bendera ikashuka, saa ikabonyezwa, na kabla watu hawajamaliza kushangaa kilikuwa kimeshapita, kimekuwa nukta nyeupe inayokimbilia kona. Wakatoa cha pili kuhakikisha, wakatoa cha tatu, na Mwahija alipolinganisha akaona vinakubaliana.

"Yamesimama!" ilikuwa sauti ya Paskalina, aliyekwisharudi kwenye mkwaju na kidole chake kimegusa kibao. "Hayapandi tena! Yamesimama hapa!"

Hicho kilikuwa kilele chenyewe cha furiko, ambacho hakuna mpimaji aliyekuwa amewahi kukikuta. Walitupa vibuyu vyote vilivyobaki, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, mpaka kapu likabaki na vumbi la chokaa. Halafu maji, kama mtu aliyekata tamaa, yakaanza kushuka. Wanawake wakapiga vigelegele. Sikujua alimnyanyua Donatus juu na bendera yake. Mwahija, ambaye midomo ilikuwa imemkauka kwa swaumu na kwa kupiga kelele, alimkumbatia Paskalina.

*

Jua lilipozama alifuturu kwa uji na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, nyumba nzima ikila naye. Kisha akasogeza taa ya sola. Alikuwa na umbo la tumbo la mto, alilolipima kwa miguu yake. Alikuwa na urefu wa maji, uliosomwa na Paskalina. Alikuwa na kasi ya vibuyu, akaipunguza kidogo, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Akazidisha, akajumlisha, akarudia yote upya kwa kuogopa amekosea. Jibu likawa lile lile. Lilikuwa zaidi ya maradufu ya vile vitone vya penseli.

Alimpigia Abel. "Injinia, nimelipata."

"Umepata nini, dada?"

"Furiko lako. Zima zima, na kilele chake."

Alimtajia namba. Halafu Abel akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Nakuja kesho. Usiruhusu mtu afute alama za maji!"

Alikuja na darubini yake, akafuata mstari wa takataka zilizoachwa ukingoni, akapima mteremko na kukokotoa kwa njia ya kwake, bila kutazama karatasi ya Mwahija. Jioni waliweka majibu mezani pamoja. Yalikaribiana kama ndugu wa tumbo moja. Abel alimpa Mwahija mkono, akampa Paskalina mkono, akatembea hadi ng'ambo ya mchanga kumpa Sikujua mkono.

Kwenye kikao cha Masumbwe cha kupitisha michoro, mmoja wa wakaguzi, mama mwenye miwani, aliitazama namba muda mrefu. "Mto huu huu unaokauka? Bi Mwahija, una uhakika?"

"Ninao," alisema Mwahija. Akaeleza nguzo, vibuyu, tenga, waya, na jinsi walivyorudia katikati mpaka vipimo vikakubaliana. Alipomaliza, yule mama alivua miwani.

"Nimefanya kazi hii miaka mingi," alisema, "sijaona mto wa msimu uliokamatwa vizuri hivi. Chora daraja refu, Injinia."

Lilijengwa kiangazi kilichofuata, nguzo zake zimeshindiliwa kwenye mwamba, meza yake, yaani sakafu wanayopita watu, juu kuliko kibao cha kwenye mkwaju. Wachimbaji wengi wa Sikujua waliajiriwa kuchimba misingi. Na masika yalipoingia, Nyalwanzi ukaja na hasira zake zote, na paa la banda la mtu mwingine.

Safari hii Mwahija alikuwa darajani, amesimama katikati ya mto na miguu yake mikavu. Ofisi ilikuwa imepata mashine mpya, na aliishusha kwa kamba kutoka kwenye vyuma vya pembeni taratibu, mkondo ukaipokea. Watu walikuwa wakivuka. Lori la mawe lilipita likipiga honi bila sababu. Bodaboda ilipita imebeba mjamzito na mama mkwe wake, haikusimama hata kuwasalimia, na Mwahija alifurahi kuona hivyo. Paskalina alikuja akitembea katikati kabisa ya barabara, amevaa kitenge chake cha kanisani, maana alikuwa anakwenda ng'ambo kwenye harusi. Alisimama, akainama kwenye vyuma, akayatazama maji yale mekundu kwa muda.

"Pita tu," aliyaambia. "Wewe chini, sisi juu."

Halafu akanyoosha kitenge chake, akamgeukia Mwahija. "Leo mto ni mkubwa kuliko siku ile yetu?"

Mwahija alisoma mashine, akasoma kibao, akatabasamu. "Bado, Mama Mageni. Ila unajitahidi."

Paskalina akacheka kwa sauti, akaendelea kuvuka kwa mwendo wa maringo, na Mwahija akasogeza mashine hatua moja mbele kuipima sehemu inayofuata.